Tai wa Kaisari kwenye mzani wa vyuma chakavu

BANDA la kununulia vyuma chakavu kando ya barabara ya Bukoba kwenda Muleba halina maswali mengi. Bawaba za milango, rimu za baiskeli, sufuria zilizotoboka na majembe yaliyoliwa na udongo hutiwa kwenye kiroba kimoja, kiroba hutundikwa kwenye mzani, mshale ukitulia bei inatajwa. Kilo ni kilo. Anayeuza anataka hela ya sabuni au ya daftari la mtoto, anayenunua anasubiri mzigo ujae lori.

Ndani ya kiroba kama hicho kinaweza kutumbukia kipande cha madini meupe kinachoenea kiganjani: ndege aliyekunjua mbawa, taji juu ya kichwa chake, na nyuma vijipini vya kumshikizia kwenye kitambaa. Jembe lilimgonga kibanjani, kati ya mgomba na mgomba. Mzani haumwoni. Lakini huyo ni tai wa Dola ya Ujerumani, aliyekaa mbele ya tarabushi ya askari Mwafrika aliyekula kiapo kwa Kaisari, na akishayeyushwa pamoja na rimu za baiskeli hakuna wa kumrudisha.

Zaidi ya miaka 100 imepita tangu Wajerumani waondolewe Bukoba. Vitu vidogo vya jeshi lao, yaani beji, vifungo vya sare, bizimu za mikanda na mara chache medali, vimebaki vimetawanyika ardhini na kwenye masanduku ya wazee. Vinaondoka Kagera kwa njia mbili: tanuru la chuma, au mfuko wa mkusanyaji. Njia zote mbili zina kasoro ileile. Hakuna anayeandika kitu kilitoka wapi na kilikuwa cha nani.

Mji uliozaliwa kambini

Bukoba yenyewe ilianza kama kituo cha jeshi. Emin Pasha, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, alikianzisha Novemba 1890 ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Baadaye Wajerumani waliifanya Bukoba kuwa moja ya maeneo matatu waliyoyatawala kupitia wafalme wa jadi chini ya mwakilishi mkazi, pamoja na Rwanda na Burundi. Wafalme hao, Abakama, walibaki kwenye viti vyao, ila kila mmoja alijua bunduki ziko wapi.

Bunduki hizo zilikuwa za Kompania ya 7. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani katika koloni zima lilikuwa na kompania 14, zenye Wazungu wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,470. Kompania ya 7 ilikaa Bukoba, ikiwa na vikosi Usuwi na Kifumbiro, kule kwenye kivuko cha Mto Kagera karibu na Kyaka.

Anayetafuta vitu vya jeshi hilo aanze na ramani hiyo. Kutoka Bukoba kwenda Usuwi njia inakata Ihangiro, nchi ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba. Askari walipita humo wakienda na kurudi, wakalala, wakafua, wakacheza bao, wakapoteza vifungo. Kifungo chenye taji kilichookotwa Muleba hakihitaji hadithi ya vita kubwa. Safari ya kawaida ya kijeshi inatosha.

Kwenye udongo huohuo kuna pia maganda ya risasi. Sehemu kubwa ya askari waliingia vitani wakiwa na bunduki za kizamani za mwaka 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti inayotoa moshi mzito. Ganda nono la shaba kuliko yale ya bunduki za leo ni dalili ya kwanza kwamba unachokishika ni cha zama hizo. Fundi cherehani mzee angekitambua kifungo, fundi wa baiskeli angeitambua bizimu, ila ganda hilo mtu hulitambua kwa kidole chake mwenyewe.

Juni 1915: siku mji ulipobebwa

Alfajiri ya 22 Juni 1915 meli zilizotoka Kisumu zilishusha wanajeshi wa Uingereza ufukweni kaskazini ya mji. Waliongozwa na Brigedia Jenerali James Stewart. Walikuwamo Wahindi, askari wa King's African Rifles, kikosi cha Loyal North Lancashire, na kikosi cha ajabu cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichojaa wawindaji, wasafiri na watu wazima waliokwisha kuzunguka dunia.

Mmoja wao alikuwa Frederick Selous, mwenye umri wa miaka 63. Wasomaji wanalijua jina hilo kutokana na pori la akiba la kusini. Aliuawa Beho Beho Januari 1917 na akazikwa hukohuko.

Shabaha ya shambulio ilikuwa kituo cha simu ya upepo, mnara uliowaunganisha Wajerumani wa Bukoba na wenzao wa Mwanza na pwani. Mapigano yalichukua siku mbili. Mnara uliangushwa, ngome ikaharibiwa, na jioni ya 23 Juni washambuliaji walirudi melini. Kabla ya hapo mji uliporwa. Maandishi ya Waingereza wenyewe yanakiri hivyo.

Kwa mada hii, jambo hilo ni zito. Wakusanyaji wa kwanza wa vitu vya Kijerumani kutoka Bukoba walikuwa wanajeshi wa Uingereza. Walichobeba kiliwekwa kwenye makabati ya familia, pengine pamoja na barua au picha inayosema kimetoka wapi. Kitu kilichosafiri hadi Kisumu na kuvuka bahari kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na maelezo kuliko kile kilichobaki Kagera miaka yote hiyo. Hilo linauma.

> Kitu kilichovuka bahari kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na maelezo kuliko kile kilichobaki Kagera.

Wajerumani walirudi mjini baada ya shambulio, wakakaa mwaka mmoja. Katikati ya 1916 Waingereza waliingia tena Bukoba, safari hiyo kwa kukaa.

Msalaba mkononi

Kinachotafutwa kuliko vyote na wanunuzi ni Msalaba wa Chuma. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia aliuanzisha Machi 1813, wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na umbo lake ni kazi ya msanifu Karl Friedrich Schinkel. Ulirudishwa 1870, tena 5 Agosti 1914, tena Septemba 1939. Katika Vita Kuu ya Kwanza ulitolewa kwa mamilioni kwa daraja la pili. Kwa hiyo si nadra kama wauzaji wanavyodai.

Uweke kiganjani. Upande mmoja, mkono wa juu una taji, katikati kuna herufi W ya Wilhelm, na mkono wa chini una mwaka 1914. Ugeuze: majani ya mwaloni katikati, herufi FW juu yake, chini mwaka 1813. Mwaka huo wa chini umewapotosha wengi, wakadhani wameshika mali ya enzi za Napoleon. Ni kumbukumbu tu ya mwanzilishi.

Sasa utazame ubavuni. Msalaba halisi wa aina ya kawaida una sehemu tatu: moyo wa chuma uliopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za fedha zilizounganishwa kuuzunguka. Ukiuangalia kwa jua la pembeni utaona mstari mwembamba wa kiungo ukikimbia ukingoni mwote. Sumaku ya spika iliyokufa ikisogezwa, moyo huo huivuta. Kutu ikianza, huanzia pale rangi nyeusi inapokutana na fremu, kisha huinua rangi kama ganda la kidonda. Kwenye pete ya juu inaweza kuwapo alama ndogo ya mtengenezaji, kama KO ya karakana ya sarafu ya kifalme mjini Berlin, au tarakimu 800 inayoonyesha kiwango cha fedha.

Wa bandia humwagwa kwa kalibu moja. Hauna kiungo ubavuni, uzito wake ni wa mashaka, maandishi yake yana kingo laini kama sabuni iliyotumika. Sumaku peke yake haitoshi, kwa kuwa ipo misalaba halisi michache isiyo na moyo wa chuma, na ipo ya bandia iliyotengenezwa kwa chuma makusudi. Dalili husomwa pamoja, kama daktari anavyosoma homa, ulimi na macho kabla ya kutaja ugonjwa.

Ila kipimo kikali kuliko vyote kwa Bukoba hakihitaji sumaku. Ni kalenda.

Vita ilipoanza, manowari za Uingereza ziliziba pwani ya koloni. Meli iliyopenya na kuleta nishani ilikuwa Marie, iliyotia nanga Ghuba ya Sudi karibu na Lindi Machi 1916. Ilileta mizinga na risasi, na pamoja navyo Msalaba wa Chuma wa kamanda Paul von Lettow-Vorbeck na nishani kadhaa za askari. Lindi ni upande wa pili wa nchi. Miezi michache baadaye Bukoba ikaanguka.

Kwa hesabu hiyo, mtu akikwambia msalaba wa 1914 alionao ulidondoshwa na afisa vitani Bukoba, una haki ya kumtaka aeleze safari yake. Uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba uliletwa baadaye. Kuanzia 1925 Waingereza waliwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika, na wengi wa waliokuja walikuwa watu waliopigana Ulaya. Au uliletwa juzi na mtu anayetafuta mnunuzi.

Tembo wa 1922, na medali zisizo medali

Kalenda inasaidia pia kwa beji ya tembo. Wakusanyaji wanaipenda: tembo amesimama mbele ya mnazi, akizungukwa na maandishi yanayotaja Afrika, Bahari ya Kusini na Kiautschou, koloni la Wajerumani lililokuwa China. Inaonekana kama mali ya jeshi la koloni. Kumbe iliwekwa Aprili 1922, wakati Ujerumani haina koloni hata moja, kwa ajili ya watu waliowahi kuhudumu huko. Hakuna aliyeivaa akilinda ngome ya Bukoba.

Na beji yenye swastika haihusiani kabisa na utawala wa Wajerumani Kagera. Chama cha Hitler kilikuwa na matawi miongoni mwa walowezi wa Tanganyika miaka ya 1930, kwa hiyo alama zake zilifika nchini, lakini hizo ni habari za zama za Waingereza. Anayezichanganya anauza historia mbili kwa jina moja.

Medali ya koloni yenyewe ipo. Kaisari Wilhelm wa Pili aliianzisha Juni 1912 kwa walioshiriki vita vya makoloni, na juu ya utepe wake huvalishwa vibao vyembamba vya chuma vyenye jina la mahali na miaka. Kibao kinachotaja Afrika Mashariki na 1905/07 maana yake ni Vita vya Majimaji. Mtu aliyeshika kibao hicho ameshika mashamba yaliyochomwa na njaa iliyofuata. Ni vizuri akajua.

Sehemu kubwa ya vitu ambavyo watu huvisogeza mbele kama medali za Mjerumani ni kitu kingine kabisa. Kuna sarafu. Rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari amevaa kofia ya tai, ikitobolewa na kutiwa uzi, huonekana kama nishani. Sarafu za heller 10 zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati tangu 1908, nazo zimedhaniwa kuwa beji. Heller hiyo ndiyo iliyotuachia neno hela, kwa hiyo kila anayedai chenji yake sokoni bado anataja fedha ya Mjerumani.

Kuna pia medali za dini. Wamisionari wa Afrika walifungua Kashozi mwaka 1892, wakaenda Rubya na kwingineko, na kwa zaidi ya miaka 130 Wakatoliki wa Buhaya, nchi ya Wahaya, wamevaa misalaba midogo na medali za Bikira Maria shingoni. Chuma chenye msalaba kilichofukuliwa Kamachumu kina uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye rozari kuliko kwenye kifua cha mwanajeshi. Si hasara. Rozari nayo ilikuwa ya mtu.

Na kuna za Waingereza, ambazo zina zawadi moja ambayo za Kijerumani hazina. Medali ya vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918 ina namba, jina na kikosi cha mhusika vilivyochapwa ukingoni, kwenye ule unene wake mdogo. Izungushe polepole kwenye mwanga na mtu anajitokeza. Nishani nyingi za Kijerumani zilitolewa bila jina. Jina lilikuwa kwenye cheti, na karatasi ndiyo ya kwanza kuliwa na mchwa.

Askari aliyenyimwa beji

Wajerumani waliweka medali maalumu ya sifa za vita kwa askari wasio Wazungu. Yaani hata ushujaa ulikuwa na daraja la rangi: wazungu na misalaba yao, weusi na medali yao. Askari hao walitoka Sudan na Msumbiji mwanzoni, kisha kwa wingi kutoka humuhumu, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Walikuwa mkono uliochapa viboko na kuteketeza vijiji, na wengi wao walikufa kwa risasi, homa na njaa katika vita isiyokuwa yao. Yote mawili ni kweli na hayapaswi kutenganishwa.

Kisa cha Bayume Mohamed Husen kinaeleza zaidi ya kabati zima la nishani. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Kisudani wa jeshi la Wajerumani. Vita ilipozuka naye aliingia jeshini, mtoto wa miaka 10. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa, yake na ya baba yake. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu.

Mwaka 1934 Ujerumani ilitoa msalaba wa heshima kwa waliopigana Vita Kuu. Husen aliomba wake. Alikataliwa, kwa kuwa alikuwa mweusi. Alijinunulia beji dukani, akaivaa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko alifariki 24 Novemba 1944.

> Aliomba msalaba wa heshima, akakataliwa. Alijinunulia beji dukani, akaivaa.

Mkusanyaji akiiona beji hiyo leo angesema haina thamani, maana haikutolewa rasmi. Kwa vipimo vyake yuko sahihi. Kwa mwandishi wa makala haya, hakuna nishani ya vita ile yenye uzito kama hiyo ya kununua.

Nani mwenye haki?

Hapa ndipo watu wanapogawanyika.

Wapo wanaouliza kwa nini Mtanzania ahangaike na mapambo ya mkoloni. Katika wilaya ya Muleba, pale Kaboya, wamezikwa mashujaa wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vijana waliokufa wakiitetea nchi hii. Hao ndio wa kukumbukwa, husema. Hoja hii ina nguvu na haiwezi kupuuzwa na mtu anayeishi Kagera. Ila tai wa tarabushi alikaa juu ya kichwa cha Mwafrika, na wajukuu wa kichwa hicho bado wapo, hata kama familia iliona aibu na ikanyamaza.

Mkusanyaji, awe wa Dar es Salaam au wa Ulaya, ana hoja yake. Bila yeye, husema, kifungo kingeyeyushwa. Yeye anakihifadhi, anakisoma, anakilinganisha na vingine. Na ni kweli kwamba elimu kubwa ya kutambua nishani imetoka kwa watu wa aina hiyo, waliokesha na kioo cha kukuzia mkononi. Udhaifu uko kwenye njia ya ununuzi. Mnunuzi wa kati hutaja kijiji chochote kinachopandisha bei, na "Bukoba 1915" ni maneno yanayopandisha bei.

Mwenye kuokota naye ana haki yake. Kibanja ni chake, jembe ni lake. Amesikia tangu utotoni hadithi za mali zilizofukiwa na Mjerumani na rupia zenye thamani ya ajabu, hadithi ambazo zimewatajirisha matapeli nchi nzima na kuwafilisi waliochimba. Hawezi kulaumiwa akitaka bei. Anachostahili ni kuambiwa ukweli: vifungo na heller za kawaida zipo nyingi duniani, havijengi nyumba.

Sheria haimsaidii sana yeyote kati yao. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, huvilinda moja kwa moja vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Tai aliyepigwa muhuri kiwandani Ujerumani mwaka 1910 anaangukia nje ya mstari huo, isipokuwa kama ulinzi umetangazwa rasmi. Kuchimbua maeneo ya kihistoria bila kibali ni suala jingine, nalo linakatazwa. Lakini kilichookotwa wakati wa kupalilia kahawa kinabaki kati ya mlima na bonde.

Mwaka 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea kwa ukatili wa Majimaji, na mazungumzo ya mataifa mawili yamehusu mabaki ya watu na vitu vilivyochukuliwa. Buhaya nayo ina dai lake humo. Afisa Hermann Rehse aliandika kitabu kizima juu ya Kiziba, mojawapo ya falme za Buhaya, kilichochapwa Stuttgart mwaka 1910. Na katika mji huohuo wa Stuttgart, Karl von Linden alijaza makumbusho yake kwa kuwaahidi maofisa wa makoloni nishani za mfalme wa Württemberg, nao wakampelekea vitu vya Waafrika.

Lisome tena hilo. Nishani ilikuwa malipo. Ngoma, mkuki au kiti cha watu wa Afrika kiliondoka, kipande cha chuma na utepe kikabandikwa kifuani mwa afisa. Ndiyo maana nishani ya Kijerumani ikionekana Kagera haiwezi kutazamwa kama pambo tu; pengine inatuelekeza kabati gani huko ng'ambo la kwenda kuuliza.

Udongo wenye vita viwili

Lipo jambo moja lisilo na pande mbili. Kagera ina tabaka la vita ya 1914 hadi 1916 na juu yake tabaka la vita ya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, na milipuko haina tarehe ya kuisha. Novemba 2017 katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu lililookotwa na mwanafunzi likidhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka. Watoto watano walikufa, zaidi ya 40 walijeruhiwa.

Kwa hiyo kutembea na kifaa cha kutambua chuma kando ya Mto Kagera, Kyaka au Kifumbiro, na kufukua kila kinacholia, si burudani ya mwisho wa wiki. Kitu cha mviringo, chenye mapezi au uzito usioelezeka huachwa palepale, na polisi huitwa. Hakigeuzwi ili kuona kama kina tai.

Kwa vile vilivyo salama, kosa la kawaida ni usafi. Mtu akiokota kifungo hukisugua kwa mchanga, majivu na limau hadi king'ae. Anachokiondoa ni rangi ya asili, alama ya mtengenezaji na nusu ya ushahidi. Maji kidogo, kitambaa laini, kikauke, basi.

Karatasi moja

Kinachohitajika kuokoa kumbukumbu hizi ni kidogo mno. Picha mbili za simu, mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni. Jina la kitongoji na la kibanja. Kina gani ardhini, na nini kingine kilikuwapo hapo. Kama kilitoka kwenye sanduku, sanduku la nani, na mwenyewe alikuwa akisema nini juu yake. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba za zamani Bukoba na vijijini, masanduku ya namna hiyo yalifunguka bila mtu wa kuuliza.

Mji una mahali pa kuanzia. Kuna Makumbusho ya Kagera kule Nyamukazi. Kuna makaburi ya Wajerumani karibu na ziwa na majengo yao ya kale, likiwamo lile la Duka Kubwa. Kuna kasri ya Kanazi, inayohusishwa na Omukama Kahigi aliyependelewa sana na Wajerumani. Mwalimu wa historia wa sekondari yoyote ya Muleba angeweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya likizo: muulize babu au bibi kama kuna kitu cha Mjerumani nyumbani, usikiombe, usikinunue, kiandike.

Maana kutambua si kazi ya macho peke yake. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai, malipo yaleyale ambayo Husen aliyafuata Berlin. Simulizi inayorudiwa vitabuni husema ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa kutoka Muleba. Wazee wapatao 350 walijitokeza. Wachache sana walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa, na wengi hawakuwa na chochote, si beji, si kifungo.

Ofisa wa benki aliyekuwa na fedha alikwama. Kisha akapata wazo. Kila mzee aliyedai kuwa askari alipewa ufagio, na amri za gwaride zikatolewa kwa Kijerumani. Ufagio ulikwenda begani, ukashuka, ukasimama sawa na mguu. Hakuna hata mmoja aliyekosea.